Kiti cha Kwenda Garbatulla

Mume wangu alihamishiwa Garbatulla mwezi mmoja kabla ya Kwaresima. Yeye ni tabibu, ingawa watu wa kwetu humwita daktari, na kituo cha afya cha huko kilikuwa na upungufu. Mimi nilibaki Isiolo mjini kwa sababu ya kazi yangu ya ualimu. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa, na hatukuwa tumewahi kukaa mbali zaidi ya wiki moja.

Jumatano ya Majivu nilikwenda kanisani peke yangu. Jioni akanipigia simu.

“Padri hakufika huku leo,” alisema. “Sijapakwa majivu.”

“Mimi nimepakwa.”

“Basi hayo yatatutosha wawili.”

Tukakubaliana kwamba kila Ijumaa saa kumi, nikiwa kanisani kwa Njia ya Msalaba, naye atafunga mlango wa chumba chake na kusali vituo vyote kumi na vinne kwa kitabu chake. Na mchana wa siku hiyo hakuna kati yetu atakayekula. Yalikuwa mambo madogo, lakini nilianza kuingoja Ijumaa kama mtu anayengoja mgeni.

Mwaka huo ukame ulikuwa umemaliza mifugo upande wa Garbatulla. Jumuiya yetu ya kanisa, nyumba kumi na mbili tu, iliamua kuacha chakula cha mchana kila Jumatano na Ijumaa, na kile ambacho kingepikwa kipelekwe kwa katekista: unga, maharagwe, sukari, majani ya chai. Kufikia katikati ya Kwaresima sebule yake ilikuwa imejaa magunia, na hatukuwa na gari.

Gari tulilipata kwa jirani wa kanisa, Mborana anayeuza mbuzi. Ramadhani ilikuwa imeangukia siku zizo hizo. Katekista alipokwenda kumwomba, yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Nyinyi mnafunga, sisi tunafunga. Pikapu iko, na kijana wangu ataendesha. Jumamosi.”

Mbele kulikuwa na nafasi ya dereva, katekista na mtu mmoja zaidi. Nyuma palikuwa pa magunia, yamepangwa mpaka juu. Akina mama wa jumuiya hawakujadili. “Mwalimu aende,” walisema. “Amwone bwana yake.” Wakacheka, nami nikajifanya nakataa. Wiki hiyo nilisuka nywele. Nilifua kitenge cha buluu nikakipiga pasi mara mbili. Naye kwa simu akaniambia amefua mashuka na amemwambia kila mtu kituoni kwamba mke wake anakuja.

Alhamisi jioni alipopiga, sauti yake ilikuwa nzito.

“Kuna mgonjwa hapa, mchunga ng'ombe wa kuajiriwa, Mturkana. Ni mapafu. Ameniomba nimtafute mama yake. Anasema mama huyo anauza makaa nyuma ya kanisa letu. Unamjua?”

Nilimjua. Alikuwa mwanajumuiya mwenzetu, mjane, na kila wiki alileta nusu kopo ya mahindi, akiomba radhi kwa uchache wake. Tulijua ana mtoto aliyekwenda kuchunga ng'ombe wa watu na hakuwa amerudi kwa miaka minne.

“Hali yake?” niliuliza.

“Si nzuri.”

Hakusema neno juu ya kile kiti, wala mimi sikusema. Nilipokata simu nilijiambia nitampa yule mama habari nikirudi Jumapili. Siku tatu si nyingi, nikajiambia. Nilikwenda kulala na uamuzi huo.

Kesho yake kwenye Njia ya Msalaba yule mama alipiga magoti mbele yangu. Tulipofika kituo cha nne, pale Yesu anapokutana na mama yake, niliona nyayo zake, zilizopasuka na kuingia vumbi jeusi la makaa. Sala ilipokwisha nilimfuata hadi nje nikamwambia yote.

Alishika nguzo ya kibaraza. “Gari lenu linaenda kesho?”

“Ndiyo.”

Aliangalia chini tu. Nikasikia sauti yangu ikisema, “Mama, utakaa pale mbele, mahali pangu.” Ningependa kusema niliyatamka kwa moyo mweupe. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Alfajiri, dereva alipokuwa ametoka kula daku, nilimpandisha yule mama garini na kumpa shati jipya ampelekee mume wangu. Nilirudi nyumbani, nikavua kitenge, nikalia mpaka jua likapanda.

Saa nane simu iliingia. “Amefika,” mume wangu alisema. “Nilikuwa nangoja barabarani tangu saa nne.” Kisha akaongeza, “Nilidhani labda umejibana nyuma, kwa magunia.”

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata, ikakata barabara. Yule mgonjwa alifariki Jumanne ya Juma Kuu na akazikwa huko huko. Pasaka nilikula na majirani. Mama yake alirudi wiki mbili baadaye kwa lori la mbuzi, nami nikaenda kumpa pole na pakiti ya sukari. Aliniketisha kwenye kigoda.

“Alinitambua,” alisema. “Alikula uji kwa mkono wangu. Hata akanitania, eti bado naunguza.” Akaiweka ile sukari kando. “Na bwana yako alinipa kitanda chake. Siku zote hizo yeye alilala chini, kwa mkeka.”

Hilo mume wangu hakuwa ameniambia. Nilikuja kumfariji mfiwa, na bado nikashindwa kujizuia. “Mama, anaonekanaje?”

Hakushangaa. “Amekonda. Ameacha ndevu, hazimkai vizuri. Ijumaa akisali, akimaliza kituo kimoja anangoja kabla ya kugeuza karatasi. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema, ‘Kanisani kwetu wanasoma polepole.’”

Nikamwomba anisimulie tena, na akasimulia tena, polepole, kama mtu anayejua njaa ya aina hiyo.

Mume wangu alirudishwa mjini mwishoni mwa mwaka. Alinyoa ndevu siku ya kwanza. Sasa tunafunga chini ya paa moja, tunabishana juu ya chumvi ya maharagwe ya jioni, na Ijumaa tunakaa benchi moja. Nashukuru. Lakini kuna siku, katikati ya sala, namtamani yule mtu wa kwenye simu, na nadhani naye ana lake analolikumbuka, maana namwona akitazama nje ya mlango, upande wa mashariki, iliko Garbatulla. Simuulizi. Namsogezea kitabu tusome pamoja.