Zulia la Baba Lilipoelekea Rubona

Mimi nikishika usafi, watu hukaa mbali. Juma lile mama alikuwa Goma kwa dada yake, nami nikalivamia zulia la sebuleni kwetu hapa Gisenyi. Lina umri wangu, na tabia zake zilikuwa zimenishinda.

Nililitundika ukutani nje, nikalichapa kwa mpini wa ufagio mpaka vumbi jeusi la volkano likawafuata majirani ndani. Doa la mawese nililinyunyizia unga wa muhogo, nikauacha unywe mafuta, nikaufagia, nikarudia. Pembe iliyojikunja, iliyokuwa ikitutega sote, niliilowesha kidogo nikailaza chini ya jiwe la kusagia mpaka ikanyooka. Chini nikatandika wavu wa mpira ili lisiteleze juu ya saruji. Mwisho nikakumbuka ushauri wa video moja kwenye simu: zulia ligeuzwe mara kwa mara, lisichakae upande mmoja. Nikaligeuza, kichwa kikawa miguu, nikajisifu mwenyewe kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kunisifu.

Sasa, nyumba yetu ni ya dini mbili. Mama ni mtu wa kanisa, baba ni mtu wa msikiti, na macho ya baba yameingia ukungu. Hataki kushikwa mkono. Katikati ya zulia hilo magoti yake yamechimba vishimo viwili, na paji la uso limechimba kimoja mbele yake. Huvitafuta kwa unyayo, na akishavipata anajua kibla kiko wapi bila kumuuliza mtu. Mimi miaka yote niliviona kuwa uchakavu tu.

Mama aliporudi alimkuta anaswali. Alisimama mlangoni na kikapu chake mpaka baba akamaliza, kisha akanivuta jikoni.

"We, baba yako iko anasali kwa kuangalia bia."

Kweli. Kibla chetu kiko upande wa volkano. Mimi nilikuwa nimemwelekeza Rubona, kwenye kiwanda cha bia. Tulicheka tukiziba midomo kwa kitenge kimoja. Halafu tukaacha, maana nani angemwambia? Juu ya zulia lile tu ndipo alipokuwa hamhitaji mtu. Mama akaamua tuligeuze kimyakimya baba akiwa anaoga, na siri ife na sisi. Nikakubali haraka, kwa woga, na alipoingia kuoga tukalirudisha kama lilivyokuwa.

Adhuhuri baba alikanyaga zulia, akavipapasa vishimo, akasimama. Hakupiga magoti. Pikipiki zilikuwa zikipita barabarani, mgongoni kwake kama zamani, si mbele yake kama siku zile chache zilizopita, naye akageuza sikio kuzifuata. Usoni alikuwa na hofu ambayo sijawahi kumwona nayo, na siri yote ikanitoka mdomoni: kuchapa, unga, jiwe, kugeuza, hata bia.

Alikaa kwenye kiti. Nilisubiri kugombezwa, na nilistahili. Badala yake aliuliza, polepole, iwapo ni kweli zulia lilikuwa limegeuzwa. Nikasema ni kweli, baba, ni mimi.

"Bon. Ni tapi tu," alisema, akiligusa zulia kwa unyayo. "Kaka yangu alianza hivi hivi, akasahau mulango ya nyumba yake. Nilifikiri ni kichwa yangu ndiyo imegeuka. Niliogopa kuuliza."

Mama alikuwa na utani wake wa bia tayari. Aliumeza, akaenda kumshika mkono, na siku hiyo baba hakuukataa.