Mfereji wa Kianda Unaofunguliwa na Kila Mama

Saa kumi na moja alfajiri, Kianda, Kibera. Mzee Wekulo amepiga magoti kwenye tope, lakini spana hanayo. Anayo Jael, muuza omena, anayehangaika na mfereji wa ploti, bomba la maji wanalolitumia wote.

"Kaza mkono, mama. Usiubembeleze, si mtoto."

"Nawe usinipigie kelele, mzee! Nikiuvunja tutakunywa nini?"

Shirika lililojenga mfereji huu lilifunga ofisi mwaka 1995. Liliacha kibao kikubwa na kumbukumbu za semina. Kubadilisha kile kipira cha ndani kinachozuia maji kuvuja, hakuna aliyefundishwa. Baada ya miezi minne mfereji ukafa, watu wakarudi kuteka mtaroni. Mke wa Wekulo akashikwa na kuhara. Hakumaliza wiki.

"Wakubwa walikuja matangani na gari," anasema Wekulo, aliyeacha shule akiwa darasa la nne. "Pole zao sikuzitaka. Nilitaka kipira."

Miaka mitatu baadaye, maji yanatoka. Imewezekanaje? Wekulo alijifunza mwenyewe kuufungua, kisha akawafundisha majirani. Kila Jumatatu nyumba moja hutoa mtu wa kuufungua mfereji wote, kipande kwa kipande, na kuurudisha. Kipira hukatwa kwenye akala, viatu vya tairi vilivyochakaa. Wanawake thelathini na mmoja tayari wanaijua kazi hiyo.

Jua likishapanda, anafika afisa kijana wa shirika jipya. Amebeba mfereji wa chuma unaong'aa. Anautoa bure, kwa sharti kwamba ule wa zamani ung'olewe leo. Kamati ya mfereji inamtazama Wekulo.

"Ni mzuri," anakiri, akiupapasa. "Hebu ufungue tuone tumbo lake."

"Huu una spana yake maalum, mzee. Ukiharibika, leteni habari ofisini, tutatuma fundi."

"Mwaka gani?" anauliza Jael, na foleni nzima ya wanaosubiri maji inaangua kicheko.

Afisa anacheka pia, kidogo. Wekulo hacheki. Anamuuliza ile mifereji yao ya mtaa wa Kawangware inaendeleaje. Kijana wa watu anakohoa. Mitatu imekauka, anasema, fundi anangojewa.

Kamati inamrudishia mfereji wake, na chai inaletwa.

Jumamosi Wekulo atakwenda Kawangware, kwa wenye mifereji iliyokauka. Atakayefundisha ni Jael. Mzee atabeba spana tu, ile maalum aliyoazimwa na afisa.

Na baada ya hapo?

"Nataka niende nyumbani Bungoma, nikae mwezi mzima," anasema. "Huku nyuma mfereji uharibike, utengenezwe, na nikirudi asiwepo hata mmoja anayekumbuka kuniambia."