Wino Haujakauka

Karani wa ofisi ya wageni hapa Ujerumani aligonga mhuri kwenye kibali changu cha kuishi, na harufu ya wino ikanirudisha kwetu Ilongero, siku mtendaji wa kijiji alipomgongea dada barua ya kwenda kusoma kwa shangazi mjini. Dada aliipepea ikauke huku akiringa. Kwa nini yeye? Kidole changu kilikuwa na mafuta ya alizeti. Nikakipitisha juu ya mhuri, ukavurugika, nikaficha mikono nyuma.

Shangazi alipokuja kumchukua na kuiona barua, alifoka, “Karatasi moja imemshinda kutunza, shule ataiweza? Aje mdogo wake.”

Dada alinitazama vidole, kisha akanifungia mizigo.

“Usiguse, wino haujakauka,” karani aliniambia.

Mikono yangu ilikuwa nyuma tayari.