Okidi Si Mgomba

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumanne, saa moja na dakika ishirini, nilipoua okidi mbili kwa kisu cha migomba huku nikipiga mluzi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanangu, nikitunza bustani ya Maman Furaha, mwalimu mstaafu aliyeishi hapa Kamembe, kwenye mteremko unaotazama ziwa.

Barazani alikuwa na vyungu vinne vya okidi. Miezi minne baadaye binti yake, Furaha, angeolewa, na mama alikwisha kutangaza kwamba meza ya maharusi itapambwa kwa maua aliyoyalea mwenyewe, wala si ya plastiki. Lakini wiki ile maua yote yalikuwa yameanguka. Yalibaki majani manene na vijiti vitupu.

Mimi nimekulia migombani. Kwetu mgomba ukishatoa ndizi huangushwa ili machipukizi yapate nafasi. Anayeuacha umesimama huitwa mvivu. Nikaona okidi nazo zimekwisha kuzaa. Nikakata ya kwanza, majani na vyote, hadi kwenye mizizi. Nikakata ya pili. Kisu kilikuwa juu ya chungu cha tatu niliposikia kikombe kikivunjika nyuma yangu.

"Weye Yohana! Nani alikutuma?"

"Maman, zimekwisha kuzaa. Nangojea batoto bake batoke," nikajibu, nikimaanisha machipukizi.

"Batoto gani? Hii haiko mugomba! Iko napumuzika tu. Weye ukilala muchana, nikukate miguu?"

Nikaitazama miguu yangu. Aliponiona hivyo, hasira ikamponyoka, akacheka hadi akakaa chini sakafuni. Nami nikacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Hakunifukuza. Alileta wembe, akaupitisha kwenye moto, akaniambia nihesabu vifundo vya kijiti kuanzia chini. Kijiti kikiwa kibichi, alisema, kata juu kidogo ya kifundo cha pili. Kikiwa kimekauka na kuwa cha kahawia, kiondoe chote, lakini majani usiyaguse. Kidonda tukakipaka unga wa mdalasini. Mizizi ile inayoning'inia nje, ambayo mimi niliiona uchafu, tukaiacha ipumue. Maji mara moja kwa wiki, yachuruzike yote, wala yasituame katikati ya majani, maana hapo ndipo uozo huanzia.

Bahati nzuri, vijiti vya vyungu viwili vilivyosalia vilikuwa vibichi. Nikanunua daftari. Kila asubuhi nilichungulia na kuandika: hakuna kitu. Wiki ya tano, hakuna kitu. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wazee walisema, ila mimi nilianza kudhani ni kimya tu. Wiki ya saba kifundo kikavimba kama punje ya mchele. Nilipiga kelele hata jirani akaja akidhani nimeona nyoka.

Siku ya harusi meza ilikuwa na maua kumi na moja meupe. Niliyahesabu mara tatu. Maman Furaha akanishika mkono mbele ya wageni.

"Huyu njo alikata zingine mbili," akasema, yaani mimi ndiye niliyezikata. "Mumupe nyama, lakini kisu hapana!"

Ukumbi mzima ulicheka, bibi harusi kuliko wote, na sahani yangu ikajazwa mara mbili.

Kupotea njia ndiko kujua njia, mwanangu, lakini okidi mbili zilikufa ili mimi niijue. Basi sikia. Kilichoacha kuchanua si lazima kiwe kimekwisha. Kabla hujakata, iwe ni mmea, kazi au urafiki uliopoa, uliza anayekifahamu, kisha tazama kama bado ni kibichi. Ondoa kilichokauka peke yake, kilichobaki ukipe mwanga, maji kidogo na muda.

Mungu akujalie mkono mwepesi wa kumwagilia na mzito wa kukata, na nyumba yako isikose ua mezani.