Upepo Ndani ya Lundo la Kahawa

Kwa muda mrefu nilikana kwamba nilimgeuza mama yangu maabara. Namsaidia, nilikuwa nasema, na nililisema hilo kwa ndugu, kwa majirani zangu hapa mjini, Bilele, hata kwa mchungaji aliyeuliza tu habari za nyumbani. Sasa nakiri: nilikuwa na kanuni, na kanuni ilihitaji kahawa ya mtu.

Niliipata chuo kikuu. Hewa ikisukumwa kupita kwenye lundo la punje hupoteza presha njiani, na nafasi kati ya punje zikiwa finyu hupoteza zaidi. Msimu ule mvua ziligoma kuondoka Muleba, nyumbani kwa Mama, na kahawa yake, tegemeo lake la mwaka mzima, ilikuwa imeshachumwa. Kuianika uani ilikuwa sawa na kuiloweka. Nikamtengenezea sanduku kubwa la mbao: feni chini, wavu katikati, kahawa juu.

Ili kujua feni ya nguvu gani ingetosha, nilijaza ndoo kahawa niliyonunua sokoni Hamugembe, nikaibana kwa kiganja isielee, nikamimina maji. Maji yaliyoingia ndiyo kipimo cha nafasi kati ya punje. Kompyuta ikanitolea mchoro mzuri kiasi kwamba nilikula nao chakula cha mchana.

Ile kahawa ya Hamugembe ilikuwa kavu. Nilipima kahawa kavu ili nijue namna ya kukausha mbichi.

Mbichi ina maganda laini. Inalala, inabanana, inanata. Nafasi zikipungua kidogo tu, presha inayopotea inapanda mara mbili, mara tatu. Hewa nayo si mjinga: inatafuta ufa mmoja, inapita hapo, inaliacha lundo lililobaki lijitegemee.

"Feni inapiga kelele," Mama aliniambia kwa simu, "lakini nikiweka mkono juu hakuna kitu. Labda huku pembeni. Huku inanipeperusha kanga."

"Punguza kina, Mama. Weka nusu."

"Nusu nyingine niiweke wapi, mwana wange? Kitandani kwako?"

"Basi uwe unaigeuza kila asubuhi."

"Na mgongo huu? Kwani feni niliiomba mimi?"

Nilikasirika. Si kwake. Naam, kwake pia, kidogo. Nikarudia hesabu kwa kahawa mbichi, nikaambiwa nahitaji feni ambayo umeme wa nyumba ile usingeizungusha. Nikabadilisha ukubwa wa punje kwenye kompyuta hadi hesabu ikakubaliana nami, nikajisikia vizuri kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Jumamosi nilikwenda Muleba, nikazamisha mkono kwenye lundo. Katikati palikuwa na joto la uji na harufu ya pombe. Tuliigeuza yote, mimi kwa koleo, yeye kwa maelekezo. Nilirudi mjini nikiwa bado na matumaini, maana elimu ya juu humfanya mtu achelewe kukata tamaa.

Kisha Mama akapiga simu.

"Mpimaji wa chama cha ushirika amekuja."

"Kasemaje?"

"Kapasua punje, kanusa. Kapasua nyingine. Kakataa."

"Yote?"

"Yote. Kaniuliza ni nani aliyeikausha hivi."



"Ukamjibuje, Mama?"

"Nimemwambia ni mvua."