Mafuta ya Mchaichai Msituni

Jana dukani kwa Mkongo pale mtaani Rinkeby mtu kaangusha kichupa cha mafuta ya mchaichai, harufu ikanifikia, ngumi zangu zikajikunja zenyewe.

Dada yangu alikuwa ananipeleka msituni nyuma ya mtaa wa Flemingsberg, mimi bado namfika kiunoni. Tulikuwa tunamwaga mafuta hayo kwenye njia wanazopita paa, ili mbwa wa wawindaji wapoteze harufu. Siku moja mbwa mmoja alipiga chafya, akazunguka palepale, tukacheka mpaka mwenye mbwa akatokea na bunduki.

"Si na wewe una pua?" dada akamwambia kwa Kiswidi. "Mfuate paa mwenyewe."

Yule jamaa akampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Nilisikia jino likivunjika.

Dada yangu mimi haguswi na mtu. Nikaokota jiwe, lakini mwindaji alikuwa mrefu na mbwa alikuwa karibu. Nikamponda mbwa kichwani mara mbili, akaanguka.

"We, huyu kakukosea nini?" dada akaniuliza, damu inamtoka. Akapiga magoti, akamfunga mbwa kichwa kwa skafu yake. Mwindaji naye akaweka bunduki chini, akapiga magoti upande wa pili, akamshikia skafu.

Nilibaki nimesimama na jiwe langu, na hakuna hata mmoja wao aliyeniangalia.