Mbegu Tatu za Rukiyo

Saa tatu asubuhi, Jumapili, jua la Garissa limeshachachamaa. Nyuma ya nyumba ya mabati, Rukiyo Sugow amepiga magoti mbele ya magazeti yaliyotandazwa, lenzi jichoni. Anapasua tunda dogo kuliko punje ya mtama.

"Tatu," anasema, na kushusha pumzi.

Rukiyo, 29, hutafuta mimea ya jamii ya Juncaceae karibu na kilele cha Mlima Kenya, kwenye baridi na majimaji. Ukiitazama juujuu utaapa ni nyasi tu. Mimi niliapa.

"Ndago shina lake lina pembe tatu, hii ni mviringo," ananifundisha. "Jamii hii ina aina mbili: Juncus tunda lake limejaa mbegu. Luzula ina tatu tu, na majani yake yana nywele."

Mlimani mimea huota ukungu kabla ya kukauka, kwa hiyo huileta kwao, ambako siku mbili zinatosha. Safari hii alileta mafungu saba, jasho la siku tisa. Kituo cha utafiti wa mimea kilichomwajiri kwa muda kiliyataka Nairobi Jumatatu, yakiwa makavu, la sivyo mkataba wake usingeongezwa.

Ijumaa Rukiyo alikwenda sokoni, akayaacha yakikauka. Mama yake, Khadijo, amesuka mikeka tangu usichana wake huko Ijara, na kwa msusi, bua lililokakamaa hulowekwa. Khadijo akayatia mafungu yote kwenye beseni la maji.

"Mimi nasema wacha nisaidie mtoto," anasema Khadijo kwa aibu. "Wallahi sikujua hiyo kukauka ndiyo kazi."

Wino wa lebo zilizofungwa kwenye mafungu ulitoka wote. "Nililia, siwezi kukuficha," anasema Rukiyo.

Daftari lake lilieleza kila mmea na mahali alipouchuma. Lakini bila lebo hakujua lipi ni lipi; ilibidi atambue kila fungu upya. Sita yalikubali. La saba lilimkatalia, maana majani yalikuwa yamelowa na hakuona nywele.

Khadijo akalipitisha jani moja kati ya vidole vyake. "Hooyo," akamwita bintiye, kwa neno la Kisomali la "mama" ambalo akina mama huwaitia pia watoto wao, "hii iko na nywele. Shika hapa pembeni."

Ndipo Rukiyo akalipasua tunda, akahesabu mbegu tatu: ni Luzula. Mama na binti wanakumbatiana, nami nafuta macho yangu kisirisiri.

Jumatatu jioni ananipigia simu: ameongezewa mkataba wa mwaka mmoja. Atapanda mlima tena mwezi ujao, na lebo ataziandika kwa penseli. Anatumaini siku moja kuajiriwa kabisa.

"Na beseni?" namuuliza.

"Hooyo amelipeleka kwa jirani, asije akanilowekea tena," anasema. "Nimemwambia alirudishe. Vidole vyake ndivyo vilivyoniokoa, na ndivyo nisivyotaka viende mbali."